Maziwa ya Ngamia Katika Uji wa Jumapili

Watu wa Garissa walikuwa na swali lao la kumkaribisha mgeni: "Umetoka Kenya lini?" Ukishavuka daraja la Tana, kwao Kenya umeiacha ng'ambo. Basi mimi nilitoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikimfuata mume wangu, konstebo wa polisi aliyehamishiwa huko. Nikakuta joto, vumbi, nyumba ya chumba kimoja katika laini ya polisi, yaani safu za nyumba za askari, na kanisa la mabati hatua chache kutoka getini. Kabla sijajua hata duka la kununua chumvi, nilikuwa nimeshapewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka pale kanisani: kukaa na watoto wadogo Jumapili ibada ikiendelea.

Aliyenipa ni mwenyekiti wa akina mama. Alikuwa mke wa sajini, na sajini alikuwa mzee wa kanisa Jumapili, na siku sita zilizobaki alikuwa mkubwa wa mume wangu. Kwa hiyo mama huyo akikuambia jambo, unajua ni nani anayeongea nyuma yake. "Wewe bado kijana, una nguvu," aliniambia. "Kazi yenyewe ni kuwanyamazisha tu."

Kuwanyamazisha tu! Ungewaona hao wa kunyamazishwa. Sizungumzii wale wakubwa wa Sande skuli wanaokariri aya na kupaka rangi picha za safina. Nazungumzia watu wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu, wanaouma, wanaokula mchanga, wanaovua kaptula na kumkabidhi mhubiri. Tulipewa stoo nyuma ya kanisa, pamoja na mabenchi yaliyovunjika na ngoma iliyotoboka. Nikafagia. Nikatandika mkeka. Nikachukua kamba ndefu, nikaifunga mafundo, kila mtoto fundo lake, tukawa tunatoka nayo hadi uani na kurudi bila kupoteza mtu. Mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia nikaipanga ukutani ikawa poti: mmoja akitaka kukojoa, wote wanakalia mikebe, tunaimba mpaka kila mtu amalize. Akina mama walicheka. Baadaye niliwaona wakifanya vivyo hivyo majumbani kwao, wala hakuna aliyeniambia asante.

Halafu uji. Ibada ilikuwa ndefu ajabu, na mahubiri yalikuwa na mkalimani, kila neno linasemwa mara mbili. Mtoto mdogo akishaona njaa, hata umwimbie vipi hakusikii. Nikaanza kuja na chupa ya uji na vikombe vya plastiki. Darasa likatulia. Wazee wa kanisa wakalibandika jina, "darasa la uji". Nikawaambia sawa, na waje wao walishe watu wao kwa maneno matupu tuone.

Maziwa ndiyo yaliyokuwa tabu. Ya pakiti yalitoka Nairobi kwa basi, na mabasi yalisafiri kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa sababu ya majambazi wa njiani. Msafara ukizuiwa, dukani hakuna kitu. Siku hizo tulimtegemea mama mmoja wa Kisomali aliyekuja laini kila asubuhi na dumu lake la manjano la maziwa ya ngamia, mtoto mgongoni. Alikuwa amekimbia vita vya kwao. Wenzake wengi walikuwa kambini Dadaab, lakini yeye alikuwa amepata banda mtaa wa Waberi, kwa sababu mjomba wake alikuwa na ngamia nje ya mji na maziwa ndiyo yaliyomlisha. Kipande, yaani kitambulisho, hakuwa nacho. Kila mtu pale laini alijua hana, na kila mtu alikunywa chai ya maziwa yake.

Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kukumiminia, humimina kidogo katika kifuniko, anasema bismillahi, anakunywa, anamwonjesha mtoto wake, ndipo anachukua sufuria yako. Kwa kila mteja, kila asubuhi. Mimi nilidhani ni mazoea tu. Aliniita abaayo, yaani dada, nami nikamwita hivyo hivyo. Kiswahili chake kilikuwa kibovu na Kisomali changu kilikuwa kibovu zaidi, lakini kuhusu watoto tulielewana bila shida. Jumapili, akirudi kwao, hupita karibu na stoo yetu, na mwanawe, mvulana mdogo mwenye kichwa kikubwa na tabasamu la wizi, akishasikia harufu ya uji hatoki tena. Basi mama naye alikaa ukingoni mwa mkeka, akampakata yeyote aliyekuwa analia. Mama mwenyekiti akaniuliza mtoto wa Kiislamu anafanya nini katika darasa letu. Nikamuuliza kama uji una dini. Nilijua neno hilo ameliweka moyoni.

Sasa, jambo moja lielezwe mapema, kwa sababu kisa chote kimekaa hapo. Maziwa ya ngamia humwendesha tumbo mtu asiyeyazoea. Hilo Garissa si siri. Askari mgeni akifika laini, wenzake humpa kikombe kizima cha maziwa hayo, wanamsifia namna anavyokunywa kama mwanamume, halafu wanakaa kumtazama. Jambo hilo waliliita "kuapishwa". Mume wangu aliapishwa wiki yake ya kwanza, akaapa kweli kweli, choo cha laini kikawa ofisi yake. Hakuna askari pale ambaye hakupitia hilo, kuanzia kuruta hadi sajini mwenye mistari mitatu begani.

Ikaja Jumapili ya askofu. Alikuja kwa gari la serikali lenye askari wake, akiwa na mkewe na mjukuu wao, katoto kanene kalikovaa soksi nyeupe. Mama mwenyekiti alikuwa amehangaika wiki nzima. Maua ya karatasi, vitambaa vya meza, sijui nini. Jumamosi akanijia nyumbani: "Kesho mjukuu wa askofu atakaa darasani kwako. Sitaki uji wa maji kama wa mahabusu. Tia maziwa."

Nikamwambia msafara umezuiwa, maziwa ya pakiti hakuna mji mzima, yaliyopo ni ya ngamia.

"Maziwa ni maziwa," akasema. "Tia."

Nayakumbuka maneno hayo hadi leo. Nikayachemsha, nikayachanganya na maji nusu kwa nusu nikitumaini yatapungua makali, nikapika uji mzito wenye sukari. Na niseme wazi, ulikuwa mtamu. Watoto walikunywa wakaomba tena. Mjukuu wa askofu alikunywa akakumbatia kikombe. Mtoto wa mama wa maziwa alikunywa vikombe viwili akalala hapo hapo.

Askofu alikuwa amefika mahali pa Musa na bahari shida ilipoanza. Mtoto wa kwanza akasimama, akanitazama kwa mshangao. Wa pili akaketi. Wa tatu hakuwahi hata kuketi. Nikaita, "Mikebeni!" Nikaanza wimbo, lakini jamani, mikebe ilikuwa michache na shida ilikuwa ya wote kwa pamoja! Nikatuma ujumbe kanisani, mama mmoja akatoka, akatoka wa pili, mabenchi ya wanawake yakabaki wazi huku askofu akiendelea kupasua bahari. Mama wa maziwa alikuwa amekunja mikono ya gauni lake la diraa, anaosha watoto wa Kikristo mmoja baada ya mwingine kwa maji ya birika lake la kutawadhia. Mimi kicheko kilinibana mbavu, siwezi kudanganya. Mpaka mjukuu wa askofu alipochomoka mikononi mwangu, akakimbia moja kwa moja hadi mbele ya kanisa, akapanda mapajani mwa bibi yake aliyevaa gauni la rangi ya maziwa. Hapo kicheko kikanikauka.

Baada ya ibada askofu aliuliza kwa upole tu kulikoni. Angeambiwa ukweli angecheka, nina hakika, alikuwa mzee wa watu. Lakini mama mwenyekiti alikuwa ameiva kwa aibu, na sajini alipomwona mkewe hivyo akaruka mbele: "Baba, ni hawa watu wasio na vipande. Wanatutilia vitu. Hilo tutalishughulikia kesho asubuhi."

Akishamwahidi askofu, atarudije nyuma? Gari la wageni lilipoondoka tukaitwa kikao, mchungaji, wazee, mama mwenyekiti na mimi.

Nikasema, "Uji niliupika mimi. Maziwa niliyatia mimi. Na aliyeniambia niyatie yupo hapa."

Mama mwenyekiti akawa anaangalia kucha zake.

"Mama, hukuniambia maziwa ni maziwa?"

"Mimi nilisema maziwa," akajibu. "Sikusema sumu."

"Sumu gani? Si yale yale tunayokunywa kwenye chai? Mtoto wa mama wa maziwa mwenyewe alikunywa vikombe viwili mbele yangu!"

Sajini akapiga meza. "Enhe! Mmesikia? Wake alikunywa na hakuhara. Wetu wote wamehara. Mnataka ushahidi gani mwingine?"

Niliwatazama wale wazee, wote askari wa laini, mmoja mmoja. Kila mmoja wao alijua. Kila mmoja alishakimbilia kile choo cha laini akiwa ameshika mkanda mkononi. Nikangoja mmoja aseme. Mchungaji akakohoa. Mwingine akafungua Biblia akawa anatafuta kitu asichokitafuta. Hasira ilinipanda pale. Kutojua si dhambi. Lakini mtu anayejua akajitia hamnazo, huyo simwezi.

Sajini akanieleza utaratibu. Lori la kupeleka kambini watu wasio na vipande lingeondoka asubuhi. Mama wa maziwa akifika getini angekamatwa yeye na mtoto wake, wakapakiwe. Ili mambo yaende sawa, mimi kama mwalimu wa darasa niseme tu kwamba yeye ndiye aliyeyaleta yale maziwa kanisani bila kuombwa, na kwamba alikuwa akiwashikashika watoto. Nikisema hivyo, darasa langu linabaki, na tutanunuliwa hata mkeka mpya.

"Na nisiposema?"

"Mumeo bado yuko chini yangu," akasema, "na Lafey wanahitaji askari."

Lafey ni huko Mandera, mpakani, ambako siku hizo askari walikwenda wakiwa wameagana na wake zao vizuri. Nilisimama. Nikamwambia, "Afande, mimi nafundisha watoto wa miaka miwili. Hata wao wakimwaga uji hawasemi ni jirani." Nikatoka, mlango nikauacha wazi.

Jua lilikuwa bado halijatua, nikaenda Waberi kumtafuta nimwonye. Nikauliza nyumba kwa nyumba, ni wapi kwa mama wa maziwa mwenye mtoto wa kichwa kikubwa. Nikaonyeshwa banda la miti na turubai. Jirani yake akaniambia ameshakwenda porini kwa mjomba, atalala huko, alfajiri atakamua na kuja moja kwa moja laini. Sikuweza kumfuata. Njia ya porini sikuijua, na gari hakuna.

Nyumbani mume wangu alikuwa amekaa na sahani ya ugali mbele yake bila kula. Nikajua ameshapewa amri.

"Ni mimi," akasema. "Amenipanga mimi getini kesho. Nimkamate mimi."

"Utamkamata?"

"Nifanye nini? Ni amri."

"Wewe uliapishwa kwa maziwa hayo. Niambie ilikuwa sumu."

"Najua haikuwa sumu! Kila mtu anajua!" Akasukuma sahani. "Lakini ni nani atakayesimama mbele ya sajini aseme? Mimi? Nipelekwe Lafey?"

"Mimi nitasimama."

"Usithubutu kuja getini."

"Nitakuja," nikamwambia. "Kama una amri ya kunikamata na mimi, nikamate." Akainuka akaenda kulala, na mimi sikumbembeleza. Alikuwa mtu mwema, mume wangu, lakini mwenye hofu.

Asubuhi nikachukua kikombe changu cha bati kile kikubwa nikaenda getini. Lori lilikuwa pale, turubai limefungwa, watu kadhaa wameshapakiwa ndani, wanawake na mabunda yao. Sajini alikuwa amesimama kivulini na fimbo yake kwapani, viatu vinang'aa. Siku hiyo alikuwa asimame gwaride mbele ya mkuu wa wilaya. Wanawake wa laini walikuwa wametoka na sufuria zao kana kwamba hawajui lolote, na kumbe wote wanajua. Hata mama mwenyekiti alitoka, akakaa mlangoni pake.

Mama wa maziwa akaja. Dumu begani, mtoto mgongoni, anatembea kwa haraka yake ile ya kila siku. Alipoona lori alipunguza mwendo. Akaniona mimi. Mume wangu akapiga hatua moja mbele, uso umemwiva, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kipande."

 Mkono wake ulikwenda nyuma ukashika mguu wa mtoto.

Nikaingia katikati yao. "Abaayo," nikasema, "nimiminie."

Akanitazama mimi, akalitazama lori. "Leo?"

"Leo. Kikombe kizima."

Akaliweka dumu chini. Akamimina katika kifuniko, akasema bismillahi, akanywa. Akamgeuza mtoto, akamwonjesha. Kisha akanijazia kikombe mpaka juu. Maziwa yale yana harufu ya moshi na chumvi kidogo, na mimi kuyanywa matupu sikuwahi, nilikuwa mtu wa kuyaficha kwenye chai. Nikanywa. Sikupumua. Nilipomaliza nikakipindua kikombe ili kila mtu aone.

"Haya," nikasema kwa sauti, nikimwangalia sajini. "Nimekunywa sumu. Nikifa, afande, ushahidi umeupata, umpeleke popote unapotaka. Lakini kama si sumu, uje unywe na wewe." Nikamnyooshea kikombe. "Mjazie afande, abaayo."

Akamjazia.  Askari waliokuwa juu ya lori waliinama kuchungulia.

"Toa hiyo," sajini akasema.

"Kwa nini? Ni maziwa tu. Yeye amekunywa, mtoto amekunywa, mimi nimekunywa. Unaogopa nini wewe, mzee wa kanisa?"

"Nimesema toa!" Nikasogea. Akarudi nyuma. Nikasogea tena, kikombe kikamfika kifuani, na hapo mtu mzima akapandwa na hasira, akamwaga mtama mwenyewe: "Mwanamke, una wazimu? Mimi nina gwaride saa nne! Hiyo kitu si unajua inaendesha!"

 Halafu mwanamke mmoja nyuma akasema, "Wacha we!" Na laini nzima ikapasuka. Walicheka wanawake, wakacheka askari juu ya lori, wakacheka hata wale waliopakiwa, waliotafsiriana upesi upesi kwa Kisomali. Mama mwenyekiti aliingia ndani akafunga mlango. Mume wangu, yule mwenye hofu, alisimama pale mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kisha akafanya jambo ambalo nilimpenda kwalo miaka yote iliyofuata. Akapiga saluti, akasema, "Afande, mashtaka ni ya nini, niandike?"

Sajini, mbele ya kicheko kile, hakuthubutu tena kumpakia. Akamwambia dereva aondoe lori. Likaondoka, na wale waliokuwa ndani wakaenda nalo. Kwa hao sikuweza kitu, na sijisifu kwamba niliweza.

Mimi nilijikaza kisabuni mpaka lori likapotea, ndipo nikatembea, kisha nikakimbia. Siku nzima sikutoka kule chooni. Wanawake wakipita nje walinipigia vigelegele, na mimi kutoka ndani nikawajibu.

Nilitegemea shukrani. Ndiyo, nilitegemea, mimi ni binadamu. Lakini kesho yake mama wa maziwa hakuja. Kesho kutwa hakuja. Wanawake wakakaa na sufuria tupu wakiniuliza mimi, na siku ya tatu nikaenda Waberi. Nilimkuta nje ya banda lake akifukiza dumu kwa moshi wa kuni, mwanawe anatambaa na kikombe cha plastiki nilichokitambua.

"Abaayo, mbona huji? Hakuna atakayekugusa tena."

Hakuacha kazi yake. "Mimi habana kuja tena kule."

"Lakini tumeshinda! Si uliona? Si ulisikia walivyocheka?"

"Nasikia." Akalipindua dumu, akalitazama ndani. "Wewe nakunywa mara moja, watu yote naamini. Mimi nakunywa kila siku mbele ya macho yao. Mimi na mtoto yangu. Kila siku, kila sufuria. Kwa nini wewe nafikiri mimi nakunywa kwanza?"

Nilikaa chini hapo hapo kwenye mchanga. Kumbe haikuwa mazoea. Mwaka mzima alikuwa akituapia, asubuhi baada ya asubuhi, kwa mwili wake na wa mwanawe, na sisi tumenyoosha sufuria tukingoja amalize. Na mimi niliyejiona shujaa nilikuwa nimemfanya aape tena, mbele ya lori.

"Ukitaka maziwa," akasema, "kuja hapa wewe. Hapa mimi habana kunywa kwanza. Wewe nachukua, nakwenda."

"Nitakuja," nikasema.

Akanijazia kidumu kidogo, hakuonja. Akanipa, na mimi sikuonja. Nikakifunga kwa leso begani kama yeye afanyavyo na nikapita nacho katikati ya mji, jua la mchana utosini. Kuhusu darasa nilikuwa nimeshaamua: kijiko kimoja katika uji Jumapili ya kwanza, viwili ya pili, hadi matumbo yao yazoee, na anayetaka kulifunga darasa aje alifunge mbele ya mama zao.

Pale getini sajini alikuwa amekaa kitini kivulini, peke yake. Akaniona na dumu. Akasimama, akanizuia kwa fimbo.

"Hayo maziwa ni ya nani?"

"Ni yangu, afande," nikamwambia. "Na kipande ninacho. Nikuonyeshe?"